Habari ya Kipimo cha Damu, na Nyumba Iliyokuwa Karibu Kuvunjika

Mwaka jana, mvua za vuli zilipokuwa zikianza, tulijiwa usiku na kijana mmoja wa bondeni, ambaye sisi wenyewe tulimpa mafundisho ya ndoa miaka mitatu nyuma. Alikuwa amepanda mlima kwa miguu tangu adhuhuri, kwa kuwa hakutaka kuonwa garini na watu wanaomjua. Tulimpa kiti, hakuketi. Alitoa mfukoni kadi ya kliniki ya mkewe, imekunjwa mara nne, akatuambia, “Mwalimu, soma mwenyewe.”

Tukasoma kwa taa. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi mitano, naye alikuwa amepimwa damu kama wapimwavyo wanawake wote waendao kliniki. Siku hiyo vipimo vya haraka vilikuwa vimekwisha, wakatumia kile cha zamani. Penye herufi VDRL palikuwa na herufi R, imezungushiwa duara kwa wino mwekundu, maana yake damu imejibu. Aliyempima alimwambia neno moja tu, kaswende, na kwamba amlete mumewe. Kijana akasema, “Mimi sijatoka nje ya nyumba yangu, Mungu ni shahidi. Basi ugonjwa huu umetoka wapi?” Kaka zake walikuwa wamekwisha kuhesabu mbuzi na fedha za mahari. Walitaka sisi tuandike barua ya kumrudisha binti kwa baba yake, ili jambo lionekane limesemwa na kanisa, wala si ugomvi wa ukoo.

Twaungama hapa, maana tusipoungama hatuna haki ya kuwaandikia wengine: usiku ule tulimsadiki. Barua hatukuiandika, lakini moyoni tulikuwa tumekwisha kuiandika. Asubuhi tulishuka bondeni, tukamwita yule mama kando, na neno letu la kwanza kwake lilikuwa, “Mwanangu, umetenda nini?” Alitutazama muda mrefu asijibu. Kisha akainuka, akaingia ndani, akafunga nguo zake, na kabla ya jua kuchwa alikuwa amekwenda kwa mama yake.

Aliyetufumbua macho ni mzee mmoja wa usharika wetu, aliyefanya kazi ya maabara miaka mingi, na sasa amestaafu analima tangawizi. Tulimweleza habari bila kutaja majina. Akauliza, “Ni kipimo gani?” Tukasema, VDRL. “Kimethibitishwa kwa kipimo cha namna ya pili?” Hatukujua. “Na mama huyu ameugua nini siku za karibuni?” Tukaifungua tena ile kadi, ambayo tuliisoma sote kwa hasira, kijana na sisi, na mistari miwili juu ya ile R, kwa mwandiko ule ule, tukaona neno malaria, limeandikwa na tarehe ya majuma matatu nyuma. Mzee akatikisa kichwa akasema, “Mwalimu, mmesoma herufi moja mkaifanya kuwa hukumu.”

Basi aliyotueleza, pamoja na tuliyoyasoma wenyewe baadaye, twapenda kuyaeleza kwa urefu, kwani twajua si nyumba hiyo moja tu iliyopata msiba wa namna hii.

Katika mwaka 1905 Wajerumani wawili, Fritz Schaudinn na Erich Hoffmann, walimwona katika hadubini mdudu wa kaswende, mwembamba sana, amejisokota kama uzi. Mwaka uliofuata August von Wassermann, pamoja na Albert Neisser na Carl Bruck, walitoa kipimo cha kwanza cha damu. Mdudu huyu siku hizo alikuwa hakubali kukuzwa katika chupa kama wadudu wengine. Kwa hiyo walitumia maini ya watoto waliozaliwa wafu kwa ugonjwa huo, wakidhani kwamba damu ya mgonjwa yawajibu wadudu waliomo ndani ya ini. Haukupita muda mrefu ikaonekana jambo la ajabu: hata moyo wa ng’ombe mzima, asiyeugua chochote, wafanya kazi ile ile. Maana yake ni kwamba kipimo kilikuwa hakimtafuti mdudu hata kidogo. Kilikuwa kikitafuta kitu kingine, na kitu hicho kilikaa pasipo jina lake la kweli hata mwaka 1941, Mary Pangborn wa jimbo la New York alipokitenga kutoka katika moyo wa ng’ombe. Ni namna ya mafuta, yaitwayo kadiolipini. Kwa mafuta hayo kilitengenezwa mwaka 1946 kipimo cha VDRL, na baadaye ndugu yake RPR, ambavyo vyajulikana katika maabara zetu hata leo.

Na mafuta hayo yamo katika mwili wa kila mtu, mwema na mbaya. Kaswende inapoharibu nyama za mwili, mafuta hayo hutoka mahali pake, na mwili hutengeneza kingamwili juu yake. Hizo ndizo zinazoonekana katika kipimo. Lakini si kaswende peke yake iharibuyo mwili. Malaria hufanya hivyo. Ukoma hufanya hivyo, na kifua kikuu, na homa nyingine za virusi, na pengine chanjo iliyochomwa karibuni. Uzee huweza kuleta jibu hilo, na mimba yenyewe pia, ingawa si mara nyingi. Tena kuna ugonjwa uitwao lupasi, ambao mwili hujishambulia wenyewe, nao huweza kuifanya damu ijibu miaka mingi kabla mgonjwa hajajua kwamba anaugua. Jibu la uongo litokanalo na homa kwa kawaida hutoweka kabla ya miezi sita kwisha. Lile la ukoma au la lupasi hukaa.

Wasomaji wa Kisiwani, Maore, Ndungu na Kihurio hawana haja ya kuelezwa malaria ni kitu gani. Kati ya mwaka 1955 na 1959 nyumba za bondeni kwetu, pamoja na za Taveta ng’ambo ya mpaka, zilinyunyiziwa dawa iitwayo dieldrini, katika mradi wa Pare na Taveta ulioendeshwa na Taasisi ya Malaria ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na makao yake Amani. Malaria ilipungua sana; kunyunyizia kulipokoma, ikarudi kidogo kidogo. Siku hizi vyandarua na dawa mpya zimetusaidia, lakini mwanamke aliyelala na homa mwezi huu na kupimwa damu mwezi ujao si jambo la kushangaza kwetu. Ni jambo la kila msimu wa mpunga.

Hatusemi kwamba vipimo hivyo havifai. Vimeokoa watu wengi. Twasema kwamba hujibu swali dogo, na watu huvidai jibu la swali kubwa. Kipimo huuliza, je, mwili huu una kingamwili za namna hii? Mume naye huuliza, je, mke wangu amekuwa na mtu mwingine? Kutoka swali la kwanza hata la pili ni mbali, mbali kuliko kutoka Same mpaka Moshi kwa miguu. Wazee wetu wa kale walikuwa na viapo vya kumtambua mwongo, nasi tuliosoma shule ya misioni tulifundishwa kuviacha. Lakini tazama jinsi tulivyoifanya herufi moja ya wino mwekundu kuwa kiapo.

Kwa sababu hiyo hutakiwa shahidi wa pili. Torati yenyewe ilikataa mtu ahukumiwe kwa kinywa cha shahidi mmoja, na waganga wamefika mahali pale pale kwa njia yao. Mwaka 1949 Robert Nelson na Manfred Mayer, katika chuo cha Johns Hopkins huko Marekani, walitoa kipimo kilichotumia wadudu wenyewe wa kaswende wakiwa hai. Wakati huo majimbo mengi ya Marekani yalikuwa na sheria ya kuwapima damu wachumba kabla ya kufunga ndoa, kwa mfano wa jimbo la Connecticut lililoanza mwaka 1935. Watu wengi walikuwa wamekwisha kuambiwa kwamba wana kaswende, na wengine walitibiwa kwa miaka. Walipopimwa kwa kipimo kipya, wengi wao walionekana hawakupata kuwa na ugonjwa huo kamwe. Kipimo cha Nelson kilikuwa kigumu na cha gharama, na leo kimeachwa. Mahali pake pana TPHA na vile vipimo vya haraka vya tone la damu ya kidole, ambavyo siku hizi huweza kupima kaswende na virusi vya UKIMWI pamoja. Hivi vyatafuta kingamwili ambazo mwili huzitengeneza juu ya mdudu mwenyewe.

Walakini shahidi huyu wa pili naye ana udhaifu wake. Mtu aliyepata kaswende akapona kabisa, damu yake kwa kipimo cha namna hii huendelea kusema ndiyo, mara nyingi maisha yake yote. Haisemi kwamba ni mgonjwa leo, wala haisemi aliupata mwaka gani, wala kwa nani. Mtu aweza kuwa aliugua akatibiwa kabla hajamjua mwenzake. Aweza hata kuwa alizaliwa nao. Ndiyo maana maabara njema hutumia vipimo vyote viwili, na kile cha kwanza hupimwa pia kwa kuichanganya damu na maji ya chumvi mara mbili, mara nne, mara nane na kuendelea, ili kuona nguvu ya jibu. Majibu ya uongo kwa kawaida ni hafifu, hukoma kabla ya kufika mara nane. Lakini hiyo si sheria isiyovunjwa.

Tena kuna habari ya buba. Bibi yetu mzaa mama alikulia bondeni, na utotoni aliugua buba, kama watoto wengi wa siku zake. Alikuwa na kovu katika muundi wa mguu, pana kama kiganja cha mtoto, nasi wajukuu tulipenda kuligusa. Alipokuwa mzee wa miaka sabini na zaidi alipelekwa hospitali kupasuliwa, akapimwa damu, na jibu likawa ndiyo, kwa vipimo vyote viwili. Tunaona haya kusimulia minong’ono iliyopita jikoni juma lile, juu ya mwanamke ambaye hakuna aliyepata kumsikia akisema neno chafu. Mganga aliyekuja kumwona hakuuliza habari za ujana wake. Alisema, “Bibi, naomba nione miguu yako.”

Mdudu wa buba na mdudu wa kaswende ni ndugu wa karibu sana, na hakuna kipimo cha kawaida cha damu kiwezacho kuwatenganisha. Buba haiambukizwi kwa zinaa. Huambukizwa kwa ngozi kugusana, hasa kwa watoto wanaocheza pamoja. Kati ya mwaka 1952 na 1964 Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF walitibu kwa penisilini watu wapatao milioni 50 katika nchi 46, na katika sehemu nyingi buba ikasahauliwa. Wazee wachache waliougua wakingali wapo. Damu ya bibi yetu haikusema uongo. Ilikumbuka ugonjwa wa utoto wake, na sisi tukausikia kwa jina jingine.

Kosa la kuusoma mwili wa Mwafrika kana kwamba ni daftari la dhambi lina historia ndefu katika nchi hizi. Mwaka 1908 Kanali F. J. Lambkin, mganga wa jeshi la Uingereza, aliandika kwamba kaswende imeenea Uganda kupita kiasi. Miongoni mwa sababu alizozitoa alitaja kuingia kwa Ukristo, ambao alisema uliwafungua wanawake waliokuwa wakilindwa kwa ukali na desturi za zamani. Sheria zikawekwa, watu wakachunguzwa, na mwaka 1913 Mulago, ambayo leo ni hospitali kuu ya Uganda, ilianza kama mahali pa kutibu magonjwa hayo. Wengi waliohesabiwa walitambuliwa kwa kutazamwa tu. Waliochunguza habari hizo baadaye, akiwamo mganga J. N. P. Davies aliyeandika mwaka 1956, waliona kwamba hesabu zile hazikuaminika, na kwamba mengi yaliyoitwa kaswende ya zinaa yamkini yalikuwa buba, au kaswende ya namna nyingine ipatikanayo bila zinaa. Taifa zima lilishtakiwa. Kwetu alishtakiwa mke mmoja, lakini njia ya mashtaka ni ile ile.

Neno kwa walimu wa shule za sekondari. Wanafunzi wenu hutoa damu, na ni jambo jema sana, maana damu salama yahitajiwa kila siku na akina mama wazaao na watoto wenye malaria kali. Kila chupa hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini ya B na ya C, na kaswende. Mara moja moja mwanafunzi huitwa aje apimwe tena. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba vijana 1,000 wamepimwa, na katika hao wenye kaswende ni 10. Tuseme kipimo kimewapata wote 10, ila kwa wazima hukosea 2 katika kila 100. Katika wazima 990 kitawashika kama 20. Basi wamekuwa 30 walioitwa, na 20 kati yao hawana ugonjwa wowote. Mahali ugonjwa ulipo haba, ndipo majibu ya uongo huzidi yale ya kweli, ingawa kipimo ni kizuri. Mpeni mwanafunzi huyo ruhusa ya kwenda, bila kumwuliza sababu mbele ya wenzake, wala msimfungulie barua yake.

Sasa twamrudia kijana wetu. Tulipomweleza haya alifurahi upesi mno, akasema, “Basi hana kitu. Hakuna haja ya sindano.” Hapa ndipo yule mzee wa maabara alipokasirika kuliko alivyotukasirikia sisi. Kaswende ya kweli ikimkuta mama mjamzito haina mchezo. Huko Mwanza, katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2002, wanawake waliokuwa na kaswende yenye nguvu bila kutibiwa walizaa watoto wafu 25 katika kila mimba 100; na miongoni mwa wanawake ambao hawakupimwa, nusu ya watoto waliozaliwa wafu walikufa kwa sababu ya ugonjwa huu. Uchunguzi huo huo ulionyesha kwamba sindano moja ya penisilini ya muda mrefu iliyotolewa mapema iliwalinda, hata wakawa sawa na wanawake wasio na ugonjwa. Kwa hiyo mama mjamzito ambaye damu yake imejibu huchomwa sindano siku ile ile, isipokuwa penisilini ikiwa humdhuru, na shahidi wa pili huja baadaye. Kuchomwa bure ni maumivu ya siku mbili ya kukaa upande mmoja. Kukosa kuchomwa kwaweza kuwa jeneza dogo.

Sindano si kukiri kosa. Jambo hilo tulilazimika kulisema mara nyingi, kwake, na kwa kaka zake, na kwa mama mkwe.

Wakaenda Same wote wawili, siku ya Jumatatu, wala hawakuketi kiti kimoja garini. Mke alichomwa sindano. Mume akapimwa, damu yake haikujibu kwa kipimo chochote. Damu ya mke ikapimwa kwa TPHA, na baada ya siku tisa jibu likaja: hapana. Mtoto, wa kike, alizaliwa mwezi wa Machi, mzima, naye analia kwa nguvu sana kanisani. Katika mwezi wa Mei mama alipimwa tena kwa kile kipimo cha kwanza, na ile R haikuwapo.

Lakini baba yake hakumtoa kwa karatasi. Alitaka mbuzi mmoja, na alitaka kaka za mume waje wenyewe, si kwa barua wala kwa simu, waseme mbele ya majirani wale wale waliosikia maneno ya kwanza. Walikawia majuma matatu, wakaja. Sisi nasi tulikwenda, na hatukungoja kuulizwa. Tulisimama tukasema kwamba tulimwuliza binti yao swali ambalo hatukuwa na haki ya kumwuliza. Baba yake aliitikia kwa kichwa. Yeye mwenyewe alikuwa akimnyonyesha mtoto, hakusema neno.

Twasalimiana naye vizuri. Mumewe ametuambia kwamba alimwomba ile kadi ya kwanza aichome moto, akakataa. Ameiweka sandukuni pamoja na jibu la TPHA, chini ya cheti cha ndoa, na ufunguo anao yeye.